Mbunge Naye Awekewe Kikomo?

SWALI: Hapa Kenya rais na gavana huondoka baada ya mihula miwili. Mbona mbunge anaweza kukaa miaka 30? Raia tufanyeje?

JIBU: Katiba ya 2010 ilimbana rais (Kifungu cha 142) na gavana (Kifungu cha 180), wabunge haikuwagusa. Ukitegemea Bunge lijirekebishe, unahitaji thuluthi mbili ya wanachama wa Bunge la Taifa na ya Seneti, yaani kura za haohao wanaonufaika. Utangoja sana.

Afadhali Kifungu cha 257, kinachowaruhusu raia wenyewe kuanzisha marekebisho ya Katiba. Andikeni mswada, kusanyeni saini za wapiga kura waliosajiliwa milioni 1, kisha tume ya uchaguzi (IEBC) izihakiki. Mabunge ya kaunti yana miezi 3 ya kuuamua mswada huo. Yakikubali 24 kati ya 47, mswada unaingia Bungeni. Wabunge wakiuangusha, haufi: unakwenda kura ya maamuzi. Utamu wa njia hii uko hapo.

Jihadharini na kuchomeka mambo njiani. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilikataa jedwali la maeneobunge 70 katika mswada wa BBI (mpango wa kurekebisha Katiba) kwa sababu liliongezwa bila umma kushirikishwa. Andikeni pia iwapo mihula iliyokwisha kutumikiwa itahesabiwa. Mkinyamaza, mkongwe ataanza kuhesabu upya.