Kahuzi-Biega na kamera: kiangazi kitakudanganya

Dada wa Lubumbashi, umeuliza mambo matatu: kama Julai, wakati wa vakansi kubwa, ndio mwezi mzuri wa kuleta kamera Kahuzi-Biega, parki ya gorila karibu na Bukavu, kama safari moja inatosha, na kama ubebe tripodi. Wengi walionitangulia kujibu wanasema njoo kiangazi, barabara ni kavu. Kuhusu barabara wamesema kweli. Kuhusu picha, mimi nilipoteza viangazi viwili kwa kuamini hivyohivyo.

Kwanza hesabu ya kwenu iweke kando. Lubumbashi mvua ikikatika Aprili, mwavuli mnausahau nyuma ya mlango mpaka Oktoba au Novemba. Huku Bukavu mvua inaanza Septemba na kwenda hadi Mei, ikipumzika kidogo Januari au Februari. Kiangazi chetu ni Juni, Julai na Agosti tu. Na hiyo ndiyo miezi watu wanachoma majani mashambani kabla ya kupanda, malori yanatimua vumbi, na hakuna tone la mvua la kuisafisha hewa.

Mara ya kwanza nilipanda Bugulumiza mwishoni mwa Julai. Ni kilima cha ndani ya parki, hakichoshi sana, na ukifika juu unatazamana na vilele vya Kahuzi na Biega, ukigeuka unatafuta ziwa Kivu. Siku hiyo nilitafuta kweli. Kila kitu kilikuwa rangi ya majivu, na Kahuzi, mlima wa mita 3,308, ulikuwa kivuli tu kama nguo iliyoanikwa nyuma ya pazia. Mwaka uliofuata nikarudi Agosti, mambo yaleyale. Nyumbani nikaongeza kontrasti kwenye kompyuta mpaka mbingu ikaanza kukatika vipandevipande. Ziwa halikutokea.

Picha iliyotundikwa sebuleni kwangu leo niliipiga katikati ya Mei. Usiku mvua ilipiga mabati hadi alfajiri, mke wangu akanicheka nilipoanza kuvaa buti. Pikipiki iliteleza mara mbili kati ya Miti na Tshivanga, makao makuu ya parki, na mara ya pili nilishuka nikatembea. Lakini saa tatu na nusu tulipokuwa juu, hewa ilikuwa imeoshwa kabisa. Kisiwa cha Idjwi kilionekana hadi mikunjo ya vilima vyake. Saa tano mawingu yakaanza kupanda kutoka bondeni, Kahuzi ikavaa kofia yake, mchezo ukaisha. Kwa hiyo ukitaka milima na ziwa, njoo Mei hadi siku za mwanzo za Juni, au kile kipumziko cha Januari, na utoke asubuhi inayofuata usiku wa mvua. Lala Bukavu siku tatu au nne, asubuhi moja nzuri haikosi kujitokeza.

Gorila ni habari nyingine. Hawa wa kwetu, gorila wa Grauer, hawapatikani nchi nyingine yoyote porini, na wana manyoya meusi kama mkaa ndani ya msitu wa kijani kibichi. Jua la kiangazi likipenya kwenye majani linawamwagia madoa meupe usoni, nusu ya uso inaungua, nusu inazama gizani. Siku ya mawingu ndiyo siku yako. Mwanga unatawanyika sawasawa, macho yanang'aa, hata mikunjo ya pua unaihesabu.

Kuanzia Septemba hadi Novemba machipukizi ya mianzi yanatoka, nao wanayafuata. Utamu na shida viko hapo pamoja. Utamu ni kumwona dume mwenye mgongo wa fedha ameketi akimenya chipukizi taratibu kama mama anayemenya ndizi. Shida ni kwamba kamera itashika mwanzi ulio mbele yako na kumwacha yeye ukungu. Zima ile fokasi ya kuchagua yenyewe, tumia nukta moja, iweke kwenye jicho. Halafu ukiiachia kamera iamue mwanga, itaona weusi mwingi na kuugeuza kijivu, kwa hiyo punguza mwanga hatua moja. Mimi huanzia ISO 3200, yaani kamera ihisi mwanga zaidi, na kasi ya 1/250 ya sekunde, ninapiga faili ghafi (RAW), maana rangi ya kijani ya mianzi inaingia hadi kwenye manyoya na JPEG haitakusamehe. Flashi usiiguse, ni marufuku.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: barakoa. Lazima uivae, gorila wanaambukizwa magonjwa yetu. Ukiweka jicho kwenye kamera, pumzi inapanda puani na kuziba kioo kwa mvuke. Mara ya kwanza niliimaliza robo saa nzima nikifuta kwa kona ya shati, na muda wa kukaa nao ni saa moja tu! Bana ule waya wa puani vizuri, na ushike pumzi unapobonyeza.

Hiyo lenzi yako ya 18-55 itafaa Bugulumiza. Kwa gorila azima ya 70-200, inayovuta mbali, usinunue. Chukua pia vile vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vitano au sita ndani ya begi. Nilipoteza lenzi moja kwa kuvu kwa sababu nilivitupa.

Parki yenyewe, kama hujui, ilianzishwa mwaka 1970 na mpiga picha, Mbelgiji Adrien Deschryver. Ila Batwa waliokuwa wakiishi ndani ya msitu waliondolewa, na hadi leo wengi wako pembezoni bila ardhi. Ukipita vijijini usiwapige picha kutoka dirishani. Shuka, salimia, omba. Wakikataa, wamekataa.

Usalama sitaurefusha: uliza ICCN, shirika la serikali linalosimamia parki, wiki ya safari yenyewe, si mwezi kabla, na wakisema hapana usitafute mtu wa kukupitisha. Niliyoandika ni ya safari za wakati njia ilikuwa wazi.

Safari moja haitoshi. Kama nauli inaruhusu mbili kwa mwaka, moja Mei, moja Oktoba. Kama ni Julai tu, basi sahau ziwa, ingia msituni asubuhi mapema kabla jua halijapanda.

Tripodi kwa gorila iache hotelini, mianzi itakucheka. Ibebe siku ya kinamasi cha Musisi, kule ukungu unakaa juu ya mafunjo, na kasi ya nusu sekunde mkononi sijaona aliyeiweza.