Kabla Hujalipia Kiwanja Dodoma, Uliza Kimepangiwa Nini

Mbukwenyi! Juzi msomaji mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Dada, nimepata kiwanja Nala, bei poa mno, na lami iko karibu. Nataka kujenga nyumba ya familia. Nilipe?" Nikamuuliza kimepangiwa matumizi gani. Akasema dalali kamhakikishia kuwa ni kiwanja kizuri.

Mdogo wangu, dalali hajawahi kuuza kiwanja kibaya tangu dunia iumbwe. Nala ndiko jiji lilikotenga eneo kubwa la viwanda, ndiko kilikojengwa kile kiwanda kikubwa cha mbolea, na malori ya kwenda Singida yanapita usiku na mchana. Sisemi kila kipande cha Nala ni cha viwanda, hapana. Huenda chako kweli ni cha makazi. Lakini je, cha ng'ambo ya barabara? Cha nyuma yako? Ukishahamia na watoto, halafu jirani akaleta tanuri lake kihalali kabisa, utamshtaki kwa lipi? Bei poa ina sababu yake, na mara nyingi sababu hiyo imeandikwa kwenye mchoro wa mipango miji ambao hujauona.

Nimeona nijibu hapa kwa urefu kwa sababu maswali ya aina hii yamekuwa mengi, na kwa sababu nyingine ambayo sitaificha: mwezi huu benki imenipitishia mkopo wa mashine ya pili ya kukamua alizeti. Mthamini wao alipofika hakuanza na mashine. Aliomba hati, akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa matumizi, akakuta pameandikwa viwanda vidogo, akapiga picha, ndipo akaingia ndani. Nilisimama pale nikijifanya natazama simu, kumbe moyoni napiga vigelegele.

Wanaonifuatilia muda mrefu wanajua nilikotoka. Nilikuwa nanunua alizeti Kongwa na Kibaigwa, nakamulisha kwa watu, nauza mafuta kwa madumu. Faida nusu inabaki kwa mwenye mashine. Shemeji yangu akaja na wazo tuchange tununue ya kwetu, tuiweke uani kwake Nkuhungu. "Dodoma nzima watu wanakamua uani," akasema. Na ni kweli, wanakamua.

Mimi nikakataa. Nilishapanga chumba ukuta kwa ukuta na mashine ya mtu, kwa hiyo nilikuwa nayajua yale maisha. Asubuhi inaanza kunguruma kabla hujapata chai, vikombe vinatetemeka kwenye kabati. Makapi yanapeperuka na upepo wetu huu wa Dodoma usio na adabu, yanatua kwenye maji, kwenye unga, kwenye nguo. Mama mmoja wa nyumba ya tatu alikuwa anaanika nepi za mtoto chumbani, kamba imefungwa kutoka dirishani mpaka kwenye msumari wa mlango, kwa sababu akianika nje anaanua zikiwa na rangi ya mashudu. Sikutaka kuwa jirani wa namna hiyo kwa mtu. Na sikutaka mtu aje na karatasi ya kunisimamisha kazi msimu ukiwa umechanganya, magunia yamejaa mpaka darini.

Shemeji akaniita "mama makaratasi". Mbele ya wakwe, sahani za pilau zikiwa mikononi, watu wakacheka. Kesho yake akatoa hela yake kwenye mpango, akanunua mashine peke yake, akaiweka uani. Miaka imepita na bado linaniuma. Nikilisikia lile jina hadi leo, hata kwa utani, chakula hakishuki.

Basi nikaanza kutafuta kiwanja cha viwanda vidogo kwa hela ya mtu mmoja. Habari za foleni na "njoo Alhamisi" sitawachosha nazo. Kuna ofisi moja, siitaji, ambako jalada langu lilihama meza mpaka nikawa nalisalimia kama ndugu. Lakini siku nilipotandaziwa mchoro wa mipango miji mezani, nilielewa mambo ambayo dalali hawezi kukueleza hata akitaka. Kila kiwanja kina namba na kitalu chake, na kila kundi la viwanja lina alama ya matumizi: makazi, makazi na biashara, biashara, viwanda, huduma za jamii, eneo la wazi. Ule uwanja ambao madalali walikuwa wananiuzia kwa maneno matamu, pale watoto wanapochezea mpira, kwenye mchoro ni eneo la wazi. Barabara ambayo hata njia ya mbuzi haijawa, kwenye mchoro ina upana wake kamili na hifadhi yake, na kuna mtu tayari kachimba msingi katikati. Mji mzima wa miaka ijayo umelala pale mezani, na sisi tunanunua kwa kuangalia nyasi.

Dodoma hatuna kisingizio kwenye hili. Mji huu ulichorwa kabla haujajengwa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, na mwaka huohuo ikaundwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mpango kabambe wa kwanza, yaani ramani kuu ya mji mzima, ukachorwa na kampuni ya Toronto, Kanada, ukakamilika 1976: jamii za makazi zimetengwa kwa makundi, kila moja na huduma zake, zikiunganishwa na njia za usafiri wa umma, katikati maeneo ya wazi. Wazee wa hapa CDA wanaikumbuka zaidi kwa bomoabomoa na hati za miaka 33, na siwalaumu. Ikavunjwa Mei 2017, kazi zake zikaenda halmashauri, na hati zikawa za miaka 99 kama kwingine nchini. Aprili 2018 tukawa jiji. Sasa kuna mpango kabambe wa 2019 hadi 2039, wenye Mji wa Serikali pale Mtumba na barabara ya mzunguko wa nje. Tangu Julai 2016 Hayati Magufuli alipotangaza kuwa serikali inahamia, bei ya viwanja imekuwa wazimu. Watu wananunua kwa kukimbizana, na anayekimbia hasomi.

Kuna mpwa wangu aliyesoma, kila nikiyasema haya ananiambia Houston kule Marekani hakuna kanda za matumizi, yaani sheria ya kutenga hapa makazi, pale viwanda, na mji unaenda. Ni kweli Houston haina, ila akumbuke kuwa kule mitaa mingi ina masharti yaliyoandikwa kwenye hati, na yana meno. Mimi namjibu kwa New York. Wao waliweka sheria yao ya kanda mwaka 1916. Mwaka mmoja kabla lilikuwa limekamilika jengo la Equitable, ghorofa 38 zimepanda wima kutoka ukingo wa barabara, likayatia kivuli majengo ya jirani. Wenye maduka ya fahari ya Fifth Avenue nao walikuwa wanalalamika kuwa karakana za nguo zinawasogelea. Tazama basi, hata huko kisa kilikuwa majirani! Walipoiandika upya mwaka 1961, viwanda wakavipanga kwa kelele, mtetemo, moshi na harufu: M1 vile vyepesi, M3 vile vizito. Yule mama wa nepi angekuwa kule, sheria ingekuwa inamzungumzia yeye.

Sasa ushauri. Kwanza, nenda kauone mchoro. Usitumiwe picha kwenye simu, nenda. Beba namba ya kiwanja na kitalu, muulize afisa mipango miji matumizi ya kiwanja chako, halafu muulize na ya viwanja vinavyokizunguka, maana hapo ndipo wengi tunapopigwa. Watu wanajua kuuliza "naruhusiwa kufanya nini hapa?" na hawaulizi jirani karuhusiwa nini.

Pili, usinunue ukitegemea kuja kubadilisha matumizi baadaye. Inawezekana, sheria ya mipango miji ya 2007 inaruhusu, lakini ni maombi, si haki yako. Majirani wanapewa nafasi ya kupinga, na halmashauri inaweza kukukatalia. Muuzaji anayekwambia "utabadilisha tu, ni kitu kidogo" mwambie abadilishe yeye kwanza, ndipo akuuzie kwa bei hiyo ya biashara anayoitaka.

Tatu, nenda kauone mchoro. Najua nimeshasema.

Kwa msomaji wangu wa Morogoro: kama kiwanja ni cha viwanda, achana nacho, hata ukipewa nusu bei. Kibali cha ujenzi wa nyumba ya kuishi utakitafuta mpaka mvi zikutoke. Kama ni cha makazi lakini kimepakana na viwanda, ongea na mkeo kabla ya kuongea na dalali.

Mtaniuliza habari za shemeji. Mashine yake bado inanguruma uani mpaka leo, na msimu uliopita alikamua magunia mengi kuliko mimi. Hajafungiwa. Wanaotujua wote wawili hunirushia hilo usoni, na sina jibu la kuwafunga mdomo. Yeye hakulipia kiwanja, hakusubiri kibali, hakuvuta umeme wa njia tatu kutoka nguzo ya mbali. Nilichonacho mimi ni hati ambayo benki imeikubali na majirani wenye mashine kama yangu, tunapigiana kelele sawasawa. Yeye kila msimu anagawa mafuta nyumba kwa nyumba ili watu wanyamaze. Vijana, msijenge biashara kwa huruma ya jirani! Jirani huhama, nyumba huuzwa, na mnunuzi mpya hana deni la dumu lako la mafuta. Someni mnachokinunua. Msione haya kuitwa majina.

Mashine ya pili inatakiwa ifike kabla alizeti za Kongwa hazijaanza kuvunwa, na msingi wake bado haujamwagwa. Anayemjua fundi wa zege asiyepotea akishapokea malipo ya awali, aniandikie.