Baba mtoto hataki binti achanjwe, anasema tulishadanganywa kwenye korona

SWALI: Shikamooni. Nina binti wa miaka 11, shule wametutumia ujumbe kwamba manesi wanakuja kuchanja ile ya saratani ya mlango wa kizazi. Baba yake kakataa katakata, anasema ya korona tuliletewa mbiombio watu wakasainishwa mafomu na sasa wamehamia kwa watoto. Mi nilichanja Johnson na niko fiti tu, ila kumjibu nashindwa. Mama wa binti, Muheza.

JIBU: Marahaba mama. Kwanza usigombane nae, hofu yake haijatoka hewani. Januari 2021 Rais Magufuli alisema hadharani chanjo hazifai, Julai 24 mwaka huohuo zikatua dozi 1,058,400 za Johnson kupitia COVAX, ule mpango wa dunia wa kugawia nchi chanjo za korona, siku nne baadae Rais Samia akachanjwa Ikulu watu wote wanaona. Sasa mtu kaambiwa usichanje, kaambiwa chanja, alafu akifika anapewa fomu ya ridhaa asaini, wakati mtoto akipelekwa surua hamna anaemsainisha kitu, kwa nini asijiulize kuna nini hapa?

Wapo pia wanaosema za korona tuliletewa makombo, na hilo nalo lina msingi wake. Machi 2021 India ilibana chanjo zisitoke nje, COVAX ikakwama, nchi zetu zikakaa zinasubiri huku matajiri wamejaza mafriji, na nyingine zilifika zikiwa zimebakiza muda mfupi. Malawi Mei 2021 walichoma dozi 19,610 zilizopitwa na muda, wakasema wanachoma ili wananchi wajue hawatachomwa kitu kilichoexpaya. Huo ni uonevu, mi unaniuma mpaka leo, lakini kucheleweshewa dawa sio ushahidi kwamba dawa ni sumu, hapo ndo mzee anachanganya.

Kwetu chanjo ya korona ilianza kwenda pale manesi walipotoka zahanati wakafuata watu magulioni na nyumba kwa nyumba, watu wakauliza maswali yao uso kwa uso bila kufokewa. Kwa hiyo na yeye mpeleke akaulize.

Hii ya binti ni kitu kingine kabisa, ilianza nchi nzima 2018 kabla hata korona haijasikika, na tangu 2024 wanapewa wasichana wa miaka 9 mpaka 14 dozi moja tu. Na kama mnaogopa eti inazuia kuzaa, haizuii. Saratani hiyo ndo inaongoza kwa wanawake wa nchi hii na kirusi kinachoileta inabidi kizuiwe mapema, ndo maana wanachanjwa wakiwa wadogo hivyo.

Nendeni wote wawili zahanati kabla ya siku ya shule, na akitaka kusoma tarehe kwenye kichupa aoneshwe, ni haki yake. Siku ya sindano binti ale vizuri asubuhi, akishachomwa akae kama dakika 15 maana wengine hupata kizunguzungu, mkono kuuma au kahoma kidogo ni kawaida.