Ndoo kichwani, kazi sifuri: kwa mnaoanza fizikia chuoni

Nimesimamia semina za fizikia za mwaka wa kwanza kwa miaka minne, na kila mwaka kelele huzuka palepale: siku ya mada ya kazi. Mhadhiri amewaambia kwamba mtu akibeba ndoo ya maji kichwani, akatembea kilomita 3 njia tambarare bila kubadili mwendo, kazi aliyoifanyia ndoo ni sifuri. Mwaka mmoja binti alisimama nyuma kabisa, akauliza: “Kwa hiyo mama yangu hajafanya kazi maisha yake yote?” Darasa likaangua kicheko. Yeye hakuwa anatania.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko yote ya muhula ule. Fizikia imelichukua neno la nyumbani ikalipa maana finyu: kani, yaani msukumo au mvuto, mara umbali, kwa upande ule kani inakoelekea. Kichwa kinaisukuma ndoo juu, ndoo inakwenda mbele, haipandi: ndiyo sifuri yenyewe. Kuinyanyua ndoo ya lita 20 toka chini hadi kichwani, mita 1.5 hivi, ni kazi ya karibu jouli 300 (jouli ni kipimo cha kazi na nishati). Na shingo kuuma ni haki yake: misuli iliyokaza inatumia nishati ya chakula na kuigeuza joto, hata mzigo usipopanda.

Kwa hiyo neno mnalolijua tangu utotoni ndilo la kulitilia shaka kwanza. Kijana mmoja aliandika uzito wake ni kilo 58, akakoseshwa, akaja kulalamika kwamba zahanati ndivyo walivyompimia. Kilo 58 ni tungamo, yaani kiasi cha maada mwilini mwake. Uzito wake, yaani kani ambayo dunia inamvuta nayo, ni niutoni 568 hivi (niutoni ni kipimo cha kani), na mwezini ungebaki kama sehemu moja ya sita. “Basi kamwambie nesi,” akanijibu. “Nguvu” nayo tunaibebesha kani, nishati na hata umeme. Tengeni ukurasa mmoja wa daftari: neno, maana ya mtaani, maana ya darasani. Msione aibu kuuandika kwa Kiswahili.

Lakini kisa ninachokikumbuka zaidi ni cha barafu. Niliuliza: mapande mawili sawa, moja nimelifunga kwenye blanketi zito, lipi litayeyuka kwanza? Karibu wote wakasema la blanketi, maana blanketi lina joto. Tukajaribu. Mwisho wa kipindi lililokuwa wazi lilishakuwa dimbwi, la blanketi bado gumu. Blanketi halina joto lake. Linazuia joto lisipite, liwe linatoka mwilini au linaingia kwenye barafu.

Mmoja tu hakushangaa. Kwao wanauza samaki, na barafu wanaifunga kwa magunia na maranda ya mbao. Nikamuuliza mbona hakunyoosha mkono. Akasema alidhani mambo ya nyumbani hayaulizwi chuoni. Semina iliyofuata nilimwomba aanze yeye, akatueleza kwa dakika kumi jinsi barafu inavyopangwa ili samaki afike sokoni akiwa hajaharibika.