Ukitaka Kushona Samaki, Kaa na Samaki Kwanza

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Mtwara. Ameiona picha ya silikanti wangu, yule samaki wa kale wa kilindini niliyemshona kwa vipande vya vitambaa, kwenye simu ya rafiki yake, akaniandikia: "Shikamoo dada. Nami nataka kutengeneza picha za vitambaa, za samaki na wadudu. Unatumia gundi gani?" Nikamjibu marahaba mdogo wangu, nikaanza kumwandikia. Jibu likawa refu, nikaona bora niliweke hapa, maana najua mko wengi wenye hamu hiyohiyo, mmejaza mabaki ya vitenge kwenye mifuko chini ya kitanda na mnaona haya kuuliza.

Habari ya silikanti mwenyewe ni kwamba ameuzwa. Wamemchukua watu wenye nyumba ya wageni kule Pangani, wamemtundika ukutani pale wageni wanapojiandikisha. Mwenye nyumba alinipigia simu kuniambia kwamba mgeni mmoja, mtafiti wa mambo ya bahari, alisimama mbele yake akahesabu mapezi yote, kisha akasema, "Aliyeshona huyu anamjua samaki huyu." Bei siitaji. Ila cherehani ya pili nimenunua.

Nasema haya kwa sababu samaki huyuhuyu aliwahi kukataliwa. Mwandaaji mmoja wa maonyesho ya sanaa alimgeuza, akamtazama mgongoni kulikojaa nyuzi, akaniambia kwa upole kabisa: "Mama, hii ni kazi nzuri ya fundi. Sisi tunatafuta wasanii." Nimeshona sare za shule na magauni ya harusi tangu nikiwa msichana. Ni fundi, na ufundi ndio uliosomesha watoto wangu. Lakini siku ile nilimkunja silikanti wangu nikamtia kwenye mfuko, nikapanda basi la Tanga, nikalia kutoka Chalinze mpaka Segera. Mpaka leo nikipita Segera moyo unanikaza. Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora wanyama Dar es Salaam mwaka 1968 alikuwa amejifunza mwenyewe, hakuwa na cheti cha mtu. Hilo nililikumbuka baadaye. Ndani ya basi sikukumbuka kitu.

Basi tuje kwenye kazi. Watu wengi wanaponiuliza huanza na gundi, au aina ya uzi, au nimenunua wapi vitambaa. Hakuna anayeniuliza nilimtazama samaki kwa muda gani. Na hapo ndipo kazi ilipo.

Mjomba wangu ni mvuvi wa Kigombe. Wavuvi wa upande wetu wamekuwa wakimnasa silikanti kwenye jarife la papa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, bila kumtaka, maana nyama yake ni mafuta matupu na ukiila tumbo litakuendesha. Sasa ana hifadhi yake kabisa, Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Kabla ya mwaka 1938, alipopatikana mmoja Afrika Kusini, wataalamu walikuwa wakimjua kwa visukuku tu, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, wakiamini alitoweka pamoja na dinosaria miaka milioni 66 iliyopita. Mimi nilimwona mmoja pwani, ameshakufa, na ile bluu yake imeanza kugeuka kahawia. Watu walipiga picha wakaondoka. Mimi nilikaa. Mjomba akanishika mkono akanipitisha kiungo kwa kiungo: pezi la kwanza la mgongoni ni kama upepeo wa kawaida wa miiba, lakini la pili lina shina la nyama, na ya kifuani na ya tumboni vilevile, utadhani yanataka kuota miguu. Mkia una sehemu tatu, na ile ya katikati ni ndogo, imechomoza nyuma. Ukimshona na mkia wa changu umeshona changu.

Na yale madoa meupe. Kila silikanti ana mpangilio wake wa madoa, hata watafiti wanamtofautisha mmoja na mwingine kwa hayo. Kwa hiyo sikutupatupa madoa ovyo. Niliyanakili kutoka kwenye picha niliyompiga yule wa Kigombe, doa kwa doa, nikayakata kwenye kanga nyeupe kuukuu ya shangazi. Huyo wa Pangani si silikanti tu, ni yuleyule wa Kigombe.

Sasa wewe wa Mtwara usiniambie huko hakuna silikanti. Soko la samaki lipo. Nenda asubuhi, kama mimi ninavyokwenda Deep Sea hapa Tanga, kaa na wanaoparua magamba, tazama. Pono ni wa kuanzia: magamba makubwa, rangi za kijani cha bahari na waridi ambazo kanga zinazo tayari, na mdomo uliofanana na wa kasuku. Pweza mtazame jicho. Mboni yake imelala, haikuviringika; ukimwekea duara jeusi katikati unapata mwanasesere. Kama unaogopa, shona kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, mikono mitano basi, usiku mmoja kimekwisha.

Wadudu ni hivyohivyo, ila wao watakutia aibu upesi zaidi. Miguu yote sita inatoka kifuani, na mbawa nne pia zinatoka kifuani. Nimeona vipepeo vya vitambaa, vimeshonwa vizuri kweli, miguu imeota tumboni! Aliyenifungua macho kwa wadudu ni mama mmoja wa Amani, kule Usambara Mashariki, aliyekuwa akifuga vipepeo na kuuza mabuu waliojifunga kwenda maonyesho ya nje, mpaka serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016 na biashara ikasimama. Mama yule alinionyesha ubawa kwa kioo cha kukuzia. Ile rangi tunayoiona ni magamba madogo sana yaliyopangana kama makuti ya paa, kila moja limelalia la chini yake. Tangu siku ile nashona mbawa kuanzia ukingoni kuja kifuani, kipande cha juu kikifunika mzizi wa kile cha chini.

Nimefika kwenye vitambaa. Tumia pamba. Kanga kuukuu ni bora kuliko mpya kwa sababu imeshafuliwa, imeshasinyaa, na rangi iliyokuwa ya kuchuja imeshachuja. Mpya ifue kwanza, tena peke yake, hasa nyekundu. Siku hizi kuna kanga za nailoni na poliesta zinazouzwa kwa jina la pamba: chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na inaacha jivu. Poliesta inayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Hiyo ikikutana na pasi utalia. Mabaki ya satini kutoka kwa mafundi wa magauni ya harusi yanafaa kwa mbawakawa, wanang'aa hasa, na oganza ndiyo mbawa za kereng'ende, hakuna mjadala. Mafundi watakupa bure ukienda na lugha nzuri na ufagio.

Shangazi yangu alipoona naikata doti ya kanga alinyamaza, na shangazi akinyamaza ujue mambo mazito. Baadaye akasema, "Kanga ya kusitiri mtu unaikatia samaki?" Nilipotandika kaniki iwe giza la kilindini, kwani silikanti anaishi chini kabisa, mita 100 na zaidi, ndiyo kabisa akaaga akaenda kwake: kaniki anaijua kwa waganga tu. Lakini ndiye huyohuyo aliyerudi na kanga zake tatu za zamani. Ukanda wa jina wa mojawapo nimeupitisha chini ya tumbo la silikanti, unasomeka wazi: "Mvumilivu hula mbivu." Kwa samaki asiyelika.

Mchore mnyama kwa ukubwa wake kwenye karatasi la kaki, hamishia kwenye amerikani, hiyo ndiyo ngozi utakayojengea. Anza na jicho. Jicho likikaa, mnyama anakutazama na huwezi kumfanyia uvivu; likikosea, usiendelee na magamba ukitumaini mambo yatajitengeneza. Kisha panga vitambaa vyako kwa mwanga na giza, usivipange kwa rangi. Piga picha kwa simu, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Kama mgongo na tumbo havitofautiani hapo, havitatofautiana ukutani hata ungeweka zambarau ya aina gani. Nimefundisha akina dada kadhaa hapa mtaani na wote wanakwama palepale: wanapenda rangi kuliko mwanga. Mtazame mnyama. Samaki wengi wa maji ya wazi wana mgongo wa giza na tumbo jeupe, Mungu ameshakupangia.

Gundi. Gundi nyeupe ya kawaida, tone dogo la kushikiza tu, kwani ukiijaza inakauka ngumu na sindano zinakatika. Gamu ya kupiga pasi, ile tunayotia kwenye kola, nayo ni sawa kwa vipande vikubwa. Uji wa ngano usijaribu: mende wataila kazi, na utakuwa umepata wadudu kweli. Vipande vikishashikizwa, tandaza juu yake neti nyembamba ya shela, nyeusi kwa bahari, bana na pini. Neti haionekani ukisimama mbali, lakini inazuia kila kipande kisiinuke.

Kisha kushona. Cherehani yangu ya kwanza ni Butterfly ya miguu, ambayo haina zigizaga wala mbwembwe, na imetosha. Unatoa mguu wa kubana, unafunika meno kwa kadi ngumu, unakaza kitambaa kwenye fremu ya kudarizia, unakiongoza mwenyewe kwa mikono. Wazee waliodarizi kwa cherehani walifanya hivyo miaka yote. Sindano iwe kalamu yako: kwenye pezi ifuate miiba ya pezi, kwenye ubawa ifuate mishipa. Ndani weka blanketi jepesi, nyuma kitambaa chochote kizima, pindo. Hayo kila fundi anayajua.

Itundike mbali na dirisha, jua la pwani halina huruma na kanga, na wakati wa masika uitoe uipunge hewa kabla ya ukungu.

Binti aliuliza pia kama inalipa. Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa akina mama. Huko Georgia, Marekani, alikuwapo mwanamke anaitwa Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani mwaka 1837. Alishona mfarishi wa habari za Biblia, watu na wanyama waliokatwa kwenye vitambaa. Alipobanwa na shida mwaka 1891 aliuza kwa dola 5, naye alikuwa ametaka 10. Leo mfarishi huo uko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Na leo hii Bisa Butler, Mmarekani mwenye baba wa Ghana, anatengeneza sura za watu kwa vitenge, na majumba makubwa ya sanaa yanamtundika. Kitambaa kilekile, sindano ileile. Mimi nikikumbuka zile dola 5 siwezi tena kumpunguzia mtu bei kwa sababu amesema "si mabaki tu haya". Andika saa zako. Andika nauli ya Kigombe, andika na asubuhi ulizokaa sokoni unanuka samaki, hiyo nayo ni kazi. Mteja akicheka, acha acheke, kazi ikunje uiweke. Watu wa Pangani walicheka mara ya kwanza pia, wakarudi baada ya Ramadhani.

Na yule mwandaaji akija Pangani kupumzika, atajiandikisha palepale chini ya silikanti. Sijamsamehe bado, nasali nisaidiwe.

Kwa sasa nimeanza vipepeo wa Amani, wale wanaoitwa kitaalamu Papilio dardanus. Dume ni njano na ana mikia. Jike huku kwetu hana mikia wala hafanani naye hata kidogo, anaiga sura za vipepeo wengine ambao ndege hawawapendi kwa uchungu wao. Dume nimemmaliza. Jike ananitesa, nahitaji kahawia iliyopauka na chungwa la zamani, la kanga iliyofuliwa sana. Walioko Tanga wenye mabaki ya rangi hizo nileteeni, nitakuja kuyachukua hata Pongwe. Zambarau msilete, ninayo ya kutosha.