Geji ya shinikizo inacheza na bomba linatema hewa: je, tuweke vali kubwa zaidi?

Swali: Bomba letu kuu linashuka kutoka tangi lililo mita 120 juu ya watumiaji wa chini, likipita vilima viwili. Tumefunga vali ya kupunguza shinikizo hadi baa 3 (baa ni kipimo cha shinikizo), lakini usiku geji haitulii na asubuhi mabomba hutema hewa. Je, tununue vali kubwa zaidi?

Jibu: Tafadhali msinunue. Usiku maji yanayotumika ni machache, na vali iliyozidi ukubwa hulazimika kubaki imefunguka kidogo mno, hivyo kila inapojongea mtiririko hubadilika sana, nayo hufunga, ikafungua, ikafunga tena. Vali huchaguliwa kwa kiasi cha maji kinachopita, hasa kile cha chini kabisa, wala si kwa kipenyo cha bomba. Mara nyingi vali ndogo ya pembeni, kwenye njia inayoizunguka ile kubwa, iliyopangwa shinikizo la juu kidogo kuliko ile kubwa, huhudumia usiku vizuri.

Hata hivyo, mimi ningeanza na hewa. Hewa hujikusanya juu ya vilima, hubana njia ya maji, na ikisukumwa hadi kwenye chemba ya vali, yaani chumba cha ndani ambacho shinikizo lake huiongoza vali, huipotezea utulivu, kwa kuwa hewa hubonyea kirahisi. Kwenye kila kilele, na pia kabla ya vali ya kupunguza shinikizo, fungeni vali ya hewa yenye matundu mawili: kubwa la kutoa hewa bomba linapojazwa na kuiingiza linapomwagwa, na dogo la kutoa viputo wakati wa kazi. Hiyo kazi ya kuingiza hewa husahauliwa mno, ilhali bila hiyo bomba linalomwagwa hufyonza, likaweza kubonyea au kuvuta maji machafu kupitia viungo vinavyovuja.

Jazeni bomba polepole, maji yasizidi takriban sentimita 30 kwa sekunde. Sababu ni kwamba katika bomba la chuma, kusimamisha ghafla maji yaendayo mita 1 kwa sekunde huweza kupandisha shinikizo kwa karibu baa 10.

Mita 120 ni karibu baa 12. Kushuka hadi 3 kwa vali moja ni kupunguza mara nne, nami sipendi kuzidi mara tatu, kwani viputo vya mvuke hupasukia ndani na kuila vali kwa sauti kama ya kokoto. Tumieni mbili: 12 hadi 6, kisha 6 hadi 3. Hewa ikishatoka, rekebisheni vali usiku, mkizungusha skrubu yake ya kupangia shinikizo robo mzunguko kila mara, mkisubiri sindano itulie kabla ya kuigusa tena.