Nianzie wapi kusoma sheria ya mazingira na tabianchi ya Ulaya?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni wakili kijana hapa Moshi. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Ulaya na nimechagua sheria ya mazingira na mabadiliko ya tabianchi. Nimeanza kujisomea Mkataba wa Paris, lakini kila nikigusa sheria za Umoja wa Ulaya napotea: kanuni, agizo, uamuzi, marekebisho juu ya marekebisho. Wakati huohuo AMCOS moja ya kahawa (chama cha ushirika cha wakulima) inaniuliza kama itabanwa na ile sheria yao ya ukataji misitu. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, wakili. Mkataba wa Paris uweke kando kwanza. Utakuonyesha nchi zimeahidiana nini, lakini hautakuambia kiwanda cha saruji cha Poland kinadaiwa nini na nani wa kukidai. Sheria ya Umoja wa Ulaya ndiyo inayofika hadi getini kwa mwenye kiwanda. Kwa hiyo kila sheria utakayoishika, mtafute kwanza anayebanwa: nani amepewa wajibu, autimize lini, asipoutimiza anafanywaje, na nani anaweza kumfikisha mahakamani. Ukiwa na majibu hayo, mengine yote yatajipanga.

Msingi uko kwenye Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya. Usiusome wote. Ibara ya 191 inabeba misingi: tahadhari, kinga, kuzuia uchafuzi pale unapoanzia, na mchafuzi kulipa. Ya 193 inairuhusu nchi mwanachama kuweka masharti makali kuliko ya Umoja. Kisha nenda moja kwa moja ibara ya 288, ndiko liliko jibu la kinachokuchanganya. Kanuni inazifunga nchi zote wanachama moja kwa moja, bila kusubiri bunge la nchi lipitishe chochote, na inaishinda sheria ya nchi inayopingana nayo. Usiifananishe na kanuni anazotunga waziri kwetu chini ya sheria mama. Agizo linaifunga nchi kwenye matokeo, njia inachagua yenyewe. Maana yake ukisoma agizo bila kusoma sheria ya Ufaransa au Uholanzi iliyolitekeleza, umesoma nusu. Uamuzi unaomtaja mtu au nchi humfunga huyo aliyetajwa tu.

Sasa twende kwa AMCOS yako, maana swali lao litakufundisha zaidi ya vitabu vingi. Sheria yenyewe ni Kanuni 2023/1115, inayogusa bidhaa saba: ng'ombe, kakao, kahawa, mchikichi, mpira, soya na mbao. Nenda kifungu cha 3. Kahawa haiingii soko la Ulaya mpaka itimize masharti matatu kwa pamoja: isitoke kwenye shamba lililokatiwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, izalishwe kwa kufuata sheria za nchi inakotoka, na iwe imetolewa tamko la uchunguzi, yaani hati ya kuthibitisha kwamba asili yake imekaguliwa. Anayebanwa na wajibu huo ni mfanyabiashara anayeiingiza bidhaa sokoni Ulaya, si mkulima wa Kibosho wala AMCOS. Ila huyo mfanyabiashara anakabiliwa na faini ambayo kiwango chake cha juu hakiruhusiwi kuwekwa chini ya asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka ndani ya Umoja, kwa hiyo mzigo atausukuma chini kupitia mkataba wa ununuzi. Hapo ndipo AMCOS inakuhitaji, kwenye vipengele vya mkataba huo.

Usiishie hapo, soma na tafsiri za maneno kifungu cha 2, kwa sababu kesi nyingi hushinda au hufa kwenye kifungu cha tafsiri. Msitu ni eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayozidi mita 5 na kivuli kinachofunika zaidi ya asilimia 10. Mtu akiona tu vipimo hivyo atasema vihamba vya Kilimanjaro, yale mashamba ya nyumbani ya Wachagga, vimekwisha, maana miti ya kivuli kama mruka hupita urefu huo bila shida. Endelea kusoma: kilimo mseto, mazao yakiwa chini ya kivuli cha miti, kimetolewa kwenye tafsiri ya msitu. Kihamba chenye kahawa na migomba chini ya miti ni shamba. Na kwa kuwa vihamba vingi havifiki hekta 4, sheria inaridhika na nukta moja ya latitudo na longitudo, yenye tarakimu zisizopungua sita baada ya desimali. Mipaka yote ya shamba huchorwa pale linapozidi hekta 4. Waambie waanze kukusanya nukta hizo. Sharti la pili nalo litakurudisha kwenye sheria ya ardhi ya Tanzania uliyoisoma nyumbani, na huko wewe ndiye mtaalamu.

Tarehe za kanuni hiyo kuanza kutumika zimeahirishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo nakala ya mwaka 2023 uliyoipakua haikufai kwa tarehe. Tumia EUR-Lex, hazina ya sheria ya Umoja, ni bure. Kila hati ina namba. Hii ya misitu ni 32023R1115: 3 ni kundi la sheria, kisha mwaka, R ni kanuni (L ingekuwa agizo), kisha namba yake. Nakala iliyounganishwa na marekebisho yote huanza na 0 badala ya 3 na huishia na tarehe. Hiyo ndiyo ya kusomea. Ya kunukuu mbele ya hakimu ni ile ya Gazeti Rasmi la Umoja.

Ukishaizoea namba hiyo, chukua Agizo 2003/87 la biashara ya vibali vya kutoa gesijoto (hewa zinazopasha dunia joto) ulisome hadi mwisho, pamoja na viambatisho. Hilo ndilo moyo wa sheria yao ya tabianchi. Lilianza kutumika 2005 kwa viwanda na mitambo ya umeme, ndege zikaingia 2012, meli kubwa 2024. Meli ikitoka Mombasa kwenda Rotterdam, nusu ya uchafuzi wa safari hiyo inahesabiwa. Asiyewasilisha vibali hutozwa euro 100 kwa kila tani, kiasi kinachopanda na mfumuko wa bei, na bado vibali anadaiwa. Kanuni 2021/1119, inayoweka lengo la Umoja kutoongeza gesijoto hewani ifikapo 2050, isome baadaye: ni fupi, na inazibana zaidi taasisi na serikali.

Kuhusu mahakama, tenganisha Luxembourg, penye Mahakama ya Haki ya Umoja, na Strasbourg, penye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo si chombo cha Umoja. Kule Luxembourg soma shauri la Carvalho, C-565/19 P. Familia kutoka nchi kadhaa, ikiwemo moja ya Kenya, zilitaka malengo ya Umoja ya kupunguza gesijoto ifikapo 2030 yafutwe kwa kuwa hafifu. Machi 2021 zilikataliwa mlangoni: kwa kipimo cha Plaumann cha mwaka 1963, mlalamikaji lazima aguswe kipekee, na mabadiliko ya tabianchi yanamgusa kila mtu. Kwangu mimi kipimo hicho ni dhuluma, kwa sababu kadiri madhara yanavyoenea ndivyo wenye haki ya kulalamika wanavyopungua. Strasbourg, katika shauri la wanawake wazee wa Uswisi la 9 Aprili 2024, ilipita njia nyingine: wanawake wanne walioshtaki kila mmoja kwa jina lake walikataliwa, chama chao kikasikilizwa na kikashinda.

Kisha yapime hayo na Arusha, penye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kufungua shauri bila kuthibitisha kwamba ameguswa kipekee, ingawa inampa miezi miwili tu. Kwa mlango huo shirika la Kenya la kutetea wanyama lilipata amri mwaka 2014 ya kuizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti. Ukitafuta mada ya tasnifu, weka hukumu hiyo na ya Carvalho kwenye meza moja.